Sertifiketi ni cheti gani hasa? Soma hii kabla hujalipa karo

Kila matokeo ya KCSE yakitoka huku kwetu mambo ni yale yale. Mzazi anakuja na simu mkononi anakuonyesha meseji, D plain, anauliza sasa huyu mtoto tumpeleke wapi, jirani amesema afanye sertifiketi, mjomba wake wa Mombasa anasema sertifiketi siku hizi haina kazi bora diploma, na kuna mtu wa koleji ashapiga simu anasema nafasi ziko za kozi yoyote unayotaka bora ulipe leo. Wote watatu wanasema cheti, lakini kila mmoja ana karatasi yake kichwani.

Basi hii nimeiandika kwa hatua, kwa watu wa Amu, Shela, Mokowe, Mpeketoni, na ndugu zetu wa Malindi na Watamu ambao shida zao ni hizi hizi ila wao barabara iko mlangoni. Maswali ya kushika ni matatu: nani anakupima, utakuwa levo gani, na karatasi yenyewe inakupeleka wapi. Hayo mengine ni maneno ya mabango.

Hatua ya kwanza: zimwage karatasi zote mkekani

Toa ile folda nono ambayo mama ameihifadhi juu ya kabati, mwaga kila kitu, kisha anza kutenga. Utashangaa.

Kuna livingi ya shule, hii inasema ulisoma pale kutoka mwaka fulani mpaka mwaka fulani na tabia yako ilikuwa nzuri (mwalimu mkuu karibu kila mtu humwandikia hivyo). Kuna cheti cha KCSE chenyewe, cha kumaliza sekondari, kiko na uzito wake lakini hakisemi wewe ni fundi wa chochote. Alafu zile rangi rangi za semina, siku mbili kwenye hoteli, chai na sambusa, mazingira, amani, uongozi wa vijana, ukimaliza unapewa karatasi yenye muhuri wa dhahabu na sahihi tatu. Hizo ni za kuhudhuria. Zinasema ulikuwepo, hazisemi unaweza nini. Lamu tumesomeshwa semina mpaka basi, kuna vijana wana karatasi kumi na kitu na hakuna hata moja ambayo mwajiri anaweza kuiweka kwenye daftari lake akaandika "huyu amesomea."

Kuna tena ile ya "kompyuta pakijis" ya koleji ya ghorofani. Sisemi haina faida, kujua kuchapa na kupanga hesabu kwenye kompyuta ni jambo zuri na kazi zingine wanauliza, lakini mara nyingi ni cheti cha koleji yenyewe, wamekufundisha wao, wamekupima wao, wamekipiga chapa wao.

Na mwisho ndio hiki tunachokitafuta, cheti cha taifa, kwamba umesomea fani, ukapimwa na mtu asiyekuwa mwalimu wako, kwa kiwango ambacho ni kimoja Lamu mpaka Kisumu. Ukikutana na watu wanabishana kama sertifiketi ina maana ama haina, waulize kwanza wanaongea juu ya ipi. Mlango wa nakshi na mlango wa plaiwudi uliochorwa maua, kwa mbali vyote ni milango.

Hatua ya pili: jua levo yako

Kenya iko na mfumo wa kupanga elimu yote kwa levo, sheria yake ni ya 2014 na wanaousimamia ni KNQA. Levo ni 10. Huna haja ya kuzikariri zote, wewe shika hizi: 4 ni atizani (fundi wa kuanzia), 5 ni krafti sertifiketi (fundi aliyesomea zaidi), 6 ni diploma, 7 ni digrii ya kwanza, na kule juu kabisa 10 ni ya udaktari wa chuo kikuu.

Kwa hivyo mtu akisema tu "nafanya sertifiketi" anaweza kuwa anamaanisha 4 ama 5, na kuna zingine za chini ya hapo. Na kwenye malipo ya kazi, kwenye kuendelea na masomo, tofauti ya 4 na 5 si ndogo. Uliza namba. Usikubali kujibiwa "ni sertifiketi nzuri inatambulika," sema naomba namba ya levo.

Alama za kuingia, kwa kawaida, ni hivi: digrii C+, diploma C-, krafti D plain, atizani ni D- mpaka E. Yani aliyepata E naye ana pa kuanzia, hili wazazi wengi hawalijui, mtoto anapata E anakaa nyumbani mwaka mzima watu wanamwonea huruma, mara apelekwe kwa boda, mara asaidie dukani, na huku angeanza levo 4 akamaliza akapanda 5, kisha 6. Njia ni ndefu lakini iko, na ni halali, si ya mlango wa nyuma.

Sasa upande wa pili. Kuna waliopata C- ama C plain halafu wanafanya sertifiketi sababu rafiki zao wako huko au diploma inatisha. Mimi hapo nasema kama alama zako zinakuruhusu diploma na hela ya diploma ipo, ingia diploma moja kwa moja. Ila kama unataka kuanza kazi haraka na fani yenyewe ni ya mikono, krafti si aibu hata kidogo, wapishi wengi wazuri wa hoteli za Malindi hawana diploma.

Muda: krafti ya mtindo wa zamani mara nyingi ilikuwa miaka miwili hivi. Mfumo wa sasa unahesabu modyuli na yuniti, yani vipande vya kozi, si miaka peke yake, kwa hivyo uliza zote mbili, ni muda gani na ni yuniti ngapi.

Hatua ya tatu: nani atakupima?

Hapa ndipo watu wanapoliwa pesa, kwa hivyo twende taratibu.

Wapo KNEC, hawa hawa wa KCSE, ambao kwa miaka mingi ndio walikuwa wanatoa mitihani ya atizani, krafti na diploma za ufundi. Vyeti vyao vimejaa maofisini na bado vina heshima yake. Halafu ikaja sheria ya TVET (elimu na mafunzo ya ufundi) ya 2013 ikaunda CDACC, hawa wanatengeneza silabasi za mfumo mpya wa umahiri na kupima. Kwenye mfumo huu huulizwi tu uandike "eleza hatua tano za kutengeneza keki," unatengeneza keki mtu amesimama na karatasi anakuangalia. Unakusanya pia ushahidi wa kazi zako, picha, video, ripoti, unaweka kwenye faili lako. Ukifaulu yuniti unaandikiwa kompitenti, yani umeiweza, ukikosa unaandikiwa bado, na "bado" hapo ni bado kweli, unarudi unapimwa tena ile yuniti, si kwamba umeanguka mwaka mzima.

Wapo NITA, mamlaka ya mafunzo ya kazi viwandani. Hawa ndio wa gredi testi, ile ambayo mafundi wetu wa zamani wanaijua, gredi 3, 2, 1, tatu ndio ya kuanzia na moja ndio ya juu. Uzuri wake ni kwamba fundi ambaye amejifunzia kazini, mwashi, seremala, mshonaji, fundi wa mabomba, anajiandikisha kufanya ule mtihani bila kuwa amekaa darasani miaka. Unaenda unapewa kazi ya vitendo, unaifanya, wanakupima.

Halafu kuna vyuo vikuu vinavyotoa sertifiketi na diploma zao chini ya mamlaka yao wenyewe. Hizo nazo zinasimama, bora chuo kiwe kimeruhusiwa.

Ukisikia mpimaji ni "bodi yetu ya kimataifa" ambayo hujawahi kuisikia na hata wao jina wanalitamka kwa kusoma kwenye karatasi, simama hapo hapo.

Hatua ya nne: chunguza koleji kabla ya risiti

Mamlaka ya vyuo vya ufundi ni TVETA. Koleji ya ufundi, ya serikali ama ya mtu binafsi, lazima iwe imesajiliwa nao. Na hii ndiyo sehemu ambayo hata wajanja huisahau: koleji kusajiliwa ni kitu kimoja, kozi yenyewe kuidhinishwa ni kitu kingine. Koleji inaweza kuwa na kibali cha kufundisha ushonaji na umeme, kisha ikaanza kuandikisha watu wa maabara ya hospitali bila kibali. Usajili ni halali, kozi ni hewa. Tovuti ya TVETA ina orodha, ingia uangalie kwa jina, ama mwambie kijana wa saiba akuangalizie, ni kazi ya dakika chache.

Ukifika ofisini mazungumzo yawe kama hivi, mama mmoja wa Langoni nilimsikia akiyafanya na alinifurahisha sana:

"Mwanangu, nionyesha karatasi yenu ya TVETA."
"Mamangu ile iko kwa mkurugenzi, lakini sisi tumesajiliwa, usiwe na wasiwasi."
"Sina wasiwasi, nataka namba tu."
"Namba... ngoja nimpigie."
"Mpigie. Na umuulize pia hii kozi ya mwanangu mtihani wake unatoka kwa nani, na atachimenti, ile ya kwenda kujifunza kazini, anaenda wapi. Mimi nakaa hapa nangoja, sina haraka, dau langu la kurudi ni alasiri."

Alikaa. Namba haikuja, akaondoka na pesa zake kwenye leso.

Dalili zingine za kukutoa mbio: wanaahidi krafti kwa wiki chache, hakuna karakana, au iko lakini cherehani ni moja kwa darasa zima, atachimenti "utajitafutia mwenyewe ama tutakuandikia tu", karo inalipwa kwenye namba ya simu ya mtu badala ya akaunti ya koleji. Hiyo ya mwisho peke yake inatosha.

Kuhusu wapi pa kwenda. Vituo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, vile tulivyokuwa tunaita politekniki za kijiji, viko chini ya kaunti kwa mujibu wa katiba ya 2010, na kwa levo za chini ndio rahisi zaidi, karo ndogo na mtoto analala nyumbani. Malindi kuna chuo cha Weru. Lamu kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ukitaka mambo ya hoteli kwa undani kuna Ronald Ngala Utalii pale Vipingo, ukitaka bahari na meli kuna Bandari Maritime Academy Mombasa, na Kenya Coast National Polytechnic iko Mombasa pia ina fani nyingi. Piga simu uulize levo zao za mwaka huu, kozi zinabadilika.

Wa Lamu wenzangu, hesabu na nyumba. Karo ya chuo cha serikali inaweza kuwa nafuu halafu chumba, chakula na nauli vikakumaliza, mtu anaacha kozi katikati si kwa sababu ya karo, ni kodi ya chumba Mombasa. Kama unaenda chuo cha serikali pitia KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, uwekwe huko, halafu omba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, wanafunzi wa TVET nao wanapewa, si wa digrii peke yao. Ni mkopo lakini, utalipa.

Hatua ya tano: uliza kazi yenyewe inataka nini juu ya cheti

Cheti kinasema umesoma. Kazi nyingi zinataka pia ruhusa ya kufanya, na hizo ni karatasi mbili tofauti zinazotoka ofisi mbili tofauti. Watu huchanganya hapa kisha wanalaumu cheti.

Fundi umeme. Una krafti ya umeme, safi, lakini kufunga nyaya za nyumba ya mtu na kusaini kwamba ziko salama unahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Bila hiyo utafanya kazi chini ya mwenye leseni, na yeye ndiye atakayesaini na yeye ndiye atakayelipwa vizuri. Kwa hivyo ukiwa bado unasoma anza kuuliza masharti ya ile leseni, cheti chako ni moja ya mahitaji yake.

Mjenzi, NCA (mamlaka ya ujenzi) wanatambua mafundi wa ujenzi, na gredi testi inasaidia sana kupata kile kitambulisho chao.

Nahodha. Vijana wetu wamezaliwa baharini, mtoto wa miaka kumi anashika usukani, lakini kubeba abiria kwa boti lazima uwe na cheti cha nahodha kinachokubaliwa na KMA, mamlaka ya mambo ya bahari, na kujua kuogelea na kujua mkondo wa Manda si hoja kwa askari wa jeti. Hiki nacho ni cheti lakini hakiko kwenye ile ngazi ya krafti na diploma, usikiweke hapo.

Mpishi na weita. Hoteli ya Watamu itaangalia krafti yako kisha itakuomba cheti cha afya cha mtu anayeshika chakula, hiki ni cha vipimo na kinaisha kila miezi sita, na itakuomba cheti cha polisi cha tabia njema. Wengine wanafika intavyu na krafti mpya kabisa na cha afya kimeisha mwaka jana.

Mwongoza watalii kuna leseni ya TRA, mamlaka ya utalii, na kuna mitihani ya chama cha waongozaji ya shaba, fedha na dhahabu ambayo kambi na hoteli wanaijua.

Ualimu nauandika peke yake kwa sababu bado naona watu wanadanganywa. Ile sertifiketi ya P1 ya kufundisha praimari imeshaachwa, badala yake ni diploma, wanafunzi wa kwanza waliingia 2021. Mtu akikuuzia leo kozi ya "P1 sertifiketi" anakuuzia samaki wa juzi. Waliokuwa nayo tangu zamani ni yao, haikufutwa, lakini ya kuanza upya usiifuate.

Na wale dada zetu wanaokwenda Uarabuni. Kuna mafunzo ya kazi za nyumbani yanayosimamiwa na NITA kwa wanaosafiri kikazi, na yanatakiwa yafanywe kwenye kituo kilichoidhinishwa nao. Ajenti akikuambia "lipa tu cheti nitakupa usihangaike kwenda darasani," dada, ukifika kule hujui kutumia mashine ya mwenye nyumba, hujui haki zako, na karatasi yako ni ya uongo. Ukimtegemea ajenti huyo kwa kitu kingine chochote utajuta pia.

Hatua ya sita: kama ujuzi unao na karatasi huna

Hii ni ya mafundi wetu. Nenda Matondoni uangalie mtu anayeunda jahazi bila mchoro, ubao anaupima kwa jicho. Nenda kwa wachonga milango. Hao kwenye fomu ya kazi wanaandika "hakuna" kwenye sehemu ya elimu, jambo ambalo linaudhi.

Kuna mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, RPL ndivyo unavyoitwa, serikali iliuzindua rasmi 2024. Huendi kusoma tena unachokijua. Unaomba kwenye kituo kilichoidhinishwa, unakaa na mtu wao mnaangalia fani yako iko wapi na levo gani inakufaa, unaleta ushahidi (picha za kazi, barua za wateja, vifaa ulivyotengeneza, hata video za simu), kisha unapimwa kwa vitendo na kuulizwa maswali. Ukifaulu cheti unachopewa ni cha taifa, hakiandikwi kwamba ni cha huruma.

Lakini upimaji unafuata viwango vya fani vilivyokwisha andikwa. Useremala upo, ujenzi upo, ushonaji upo, umeme upo. Fani kama ya kuunda jahazi uliza kwanza wanaipima chini ya kichwa gani, usije ukasafiri na magogo bure. Na usiogope lugha, kazi ni ya mikono, sema kwa Kiswahili chako, uliza mapema kama mpimaji atakuwa sawa na hilo.

Anza kupiga picha za kazi zako leo. Mafundi wengi wana miaka ishirini ya kazi na hawana hata picha moja, nyumba ishauzwa, mlango uko Ulaya.

Hatua ya saba: cheti kimekuja, kisome

Usikipige picha ya status kwanza. Kisome.

Jina. Huku pwani jina ndilo linatumaliza. Kitambulisho kinasema Athman, KCSE inasema Athumani, cheti cha kuzaliwa kinasema Othman, na wote ni wewe. Fatma na Fatuma. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Kuna wenye "bin" kwenye moja na kwenye nyingine hakuna, kuna walioandikishwa shule kwa jina la babu. Mwajiri wa Lamu atakuelewa, kompyuta haitakuelewa. Dawa ni mapema: siku unayojiandikisha koleji andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, na kama KCSE iko tofauti anza kurekebisha sasa hivi. Tofauti ndogo wakili hukuandikia kiapo, kubwa ni mambo ya kubadilisha jina kisheria na hayo yanachukua muda.

Angalia levo imeandikwa, jina la kozi ni lile ulilosomea, namba ya cheti iko, na mpimaji ndiye yule uliyeambiwa hatua ya tatu.

Kama cheti kimebaki shule sababu ya karo: shule kuzuia cheti cha KCSE hairuhusiwi, iko kwenye sheria ya KNEC ya 2012. Najua kusema ni rahisi na kwenda kusimama mbele ya mwalimu mkuu ni kitu kingine. Nenda na mzazi au mzee wa mtaa, ongea kwa adabu, wakikataa andika barua na nakala upeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Deni linabaki deni, watalidai, lakini cheti wakupe.

Kimepotea, nenda polisi uchukue absitrakti (karatasi ya kuripoti kilichopotea), kisha kama ni cha KNEC unaomba kingine onlaini kupitia mfumo wao wa QMIS. Mtu asikwambie anajua mtu ndani.

Kukitunza. Hewa ya Lamu ni chumvi na unyevu, karatasi inakuwa na madoa, inaliwa. Usiilamineti, alama za usalama hazionekani vizuri na ofisi zingine zinaikataa. Iweke kwenye faili la plastiki linalofungika, mbali na ukuta. Piga skani nzuri, si picha yenye kivuli cha kichwa chako, jitumie kwenye imeili yako mwenyewe. Ukivuka Mokowe kwenda intavyu beba nakala zilizothibitishwa, orijino iwe ndani ya kitu kisichoingia maji. Wimbi halijui Level 5.

Na kununua. Wapo wanaouza, bei inajulikana, wanakuja mpaka inboksi. Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti 2024 kwamba ilikagua vyeti na kukuta zaidi ya watu 2,000 serikalini wana vyeti vya kughushi, na wengine walikuwa wameshakula mshahara miaka. Wakaambiwa warudishe. Mtu ana nyumba, ana watoto shule, anaambiwa rudisha mshahara wote. Siku hizi kuthibitisha ni waajiri kuandikia KNEC ama CDACC na majibu yanakuja.

Waliosoma nje, Zanzibar, Tanga, Uganda, Uarabuni, cheti chako cha ufundi kinalinganishwa na levo za Kenya kupitia KNQA. Fanya hivyo kabla ya kuomba kazi, si baada ya kuulizwa.

Hatua ya nane: kukiweka kwenye CV na kupanda

Kwenye CV usiandike "Certificate" peke yake ukaacha hewani. Andika fani, levo, aliyekupima, chuo, mwaka. Mstari mmoja tu: Upishi, Level 5, CDACC, chuo fulani, 2024. Anayesoma anaelewa kwa sekunde. Za semina ziweke chini kabisa na chagua zile mbili tatu zinazohusiana na kazi, ukiomba kazi ya umeme ile ya utunzaji wa mikoko iache nyumbani. Atachimenti iandike kama kazi, ulifanya wapi, miezi mingapi, ulifanya nini kwa mikono yako, maana hoteli nyingi zinakuajiri kwa sababu ya ile barua ya atachimenti kuliko cheti chenyewe, mimi naona wana haki.

Kupanda kutoka 5 kwenda 6 si lazima uanze upya kama aliyetoka KCSE, krafti yako inakuingiza diploma ya fani hiyo hiyo hata kama ulikuwa na D plain. Ila iwe fani hiyo hiyo ama ya karibu, mtu wa ushonaji kwenda diploma ya uhasibu hapo wataangalia tena alama za KCSE. Ukienda kuomba beba transkripti, ile karatasi ya matokeo ya kila yuniti, pamoja na cheti, wengi hubeba cheti peke yake, na anayekagua yuniti zako anataka ile transkripti. Kama hukuichukua ulipomaliza, koleji yako iko wazi Jumatatu mpaka Ijumaa, nenda asubuhi kabla karani hajatoka kwenda chai.